Kifaa Kisichojua Kulala

Jumapili, mchana

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanangu wote wawili, na kwamba goti la Mama limepoa kiasi cha kumwezesha kushuka ngazi bila kushikwa mkono. Kuna mtu ameniambia kwamba hataki kutumia ile fimbo kwa sababu inamzeesha. Mtu huyo ni wewe, lakini usimwambie kuwa nimekutaja. Mimi sijambo. Nakula, nalala, na kile kikohozi kilichokuwa kikinisumbua kimeondoka chenyewe baada ya kukipuuza.

Najua nimekaa kimya mno. Barua yako niliipata miezi mitatu iliyopita, na kila asubuhi naiona pale juu ya kabati nikitafuta kitana. Sababu ya ukimya huo nitaifikia. Naomba univumilie kwanza, maana nikianza nayo sitaweza kusimulia mengine, na mengine nayo yanastahili kusimuliwa. Hasa nataka nikusimulie kuhusu mtu mmoja.

Karakana yetu bado iko palepale, chumba kirefu juu ya duka la washonaji. Cherehani za chini zikianza zote kwa pamoja, meza zetu hutetemeka na skrubu ndogo hutembea zenyewe mpaka ukingoni. Tuko watu sita, na sasa saba. Kazi yetu unaijua kuliko watu wengi: vile vifaa vya ukubwa wa kipande cha sabuni vinavyokaa ndani ya friji ya chanjo, vikipima joto, na kutuma ujumbe kwenye simu ya muuguzi joto likizidi. Kliniki yako ilikipokea cha kwanza kabisa, kwa kuwa kilikuwa kimetengenezwa na mdogo wako na wewe ulimwomba mkubwa wako wa kazi akikubali.

Ukawa pia wa kwanza kuumia nacho. Umeme ulikatika Ijumaa jioni, kifaa hakikusema neno, na Jumatatu asubuhi ulipofungua friji ukakuta chanjo zote zimeharibika. Uliniandikia jinsi kina mama walivyokuwa wamekaa kwenye benchi tangu saa moja, na jinsi ulivyopita ukiwaambia mmoja mmoja warudi nyumbani na watoto wao. Baada ya hapo vifaa vingine navyo vikaanza kurudi kutoka kliniki nyingine vikiwa vimekufa. Mkurugenzi wetu, ambaye tunamwita Kalenda kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kutaja tarehe, akatupa wiki sita. Ama vifaa viishi muda wa maana, ama tufunge mlango na kila mtu atafute pengine.

Hapo ndipo alipokuja Mama Saa.

Hakuja kama mwokozi wa mtu. Aliletwa kulehemu nyaya za betri, kazi ambayo sisi wenye vyeti tulikuwa tukiifanya vibaya. Ni mwanamke wa miaka arobaini na tano hivi, mfupi, mpana wa mabega, mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na hazijawahi kukaa mahali pamoja kwa zaidi ya dakika kumi. Kwa miaka ishirini alitengeneza saa za mkononi ndani ya kibanda cha kioo mlangoni mwa duka la vitambaa, mpaka watu wakaacha kuvaa saa na kuanza kutazama simu. Hapendi kuulizwa kitu akiwa na koleo mkononi. Akiwa na njaa hutafuna mkate mkavu bila chai, na makombo huyafuta mezani kwa brashi ya kusafishia saa. Siku ya kwanza Kalenda alimwuliza kama anaelewa kompyuta, naye akajibu kwamba yeye ameajiriwa mikono, akili anadhani wameshaipata kwingine.

Siku ya tano alikishika kifaa kimoja, akakigeuzageuza, akauliza hiki kinalala saa ngapi. Tulidhani anatania. Mwenzetu anayeshughulikia redio, yule tunayemwita Mrefu, akamjibu kwamba kifaa hiki ni mlinzi, na mlinzi halali. Mama Saa akabadilisha miwani, akamtazama, akasema saa ya mkononi inaishi miaka miwili kwa betri ya ukubwa wa kifungo cha shati, na hiki chenu kinamaliza betri tatu nene. Kwa hiyo ama saa zina uchawi, ama nyinyi mna tundu.

Kwamba tuna tundu tulijua. Tulikuwa tumeshalifanyia vikao vitatu. Yeye hakuitisha kikao. Alikata waya mmoja unaotoka kwenye betri, akaiunga mita pale katikati, ili umeme wote unaoingia kwenye kifaa upite kwanza mbele ya macho yake. Mita ikaonyesha miliampea tisa na ushee. Usihangaike na neno hilo, Dada, wewe shika namba tu. Mama Saa akaomba karatasi, akaigawanya nguvu ya betri kwa namba ile, akanisukumia jibu. Siku kumi na moja. Nilirudia hesabu mara mbili kwa kalamu yangu mwenyewe, nikapata kumi na moja na nusu.

Wiki zilizofuata sitazisahau. Nimesoma miaka minne na nina walimu ninaowaheshimu, lakini sijawahi kuona mtu akifanya kazi vile. Hakukisia kitu. Alibadilisha jambo moja, akasoma mita, akaandika namba kwenye daftari la mistari, ndipo akagusa jambo la pili. Mrefu alipotaka afanye matatu kwa mpigo ili kuokoa muda, alimwuliza kama akimpa dawa tatu kwa pamoja na akapona, atajua ni ipi ya kununua tena.

Alianza na taa nyekundu. Ile taa ndogo iliyokuwa ikiwaka juu ya kifaa niliiweka mimi na niliipenda, ilikuwa ikinionyesha kwamba kitu changu kiko hai. Akaniuliza ni nani anayeitazama. Nikafikiri. Kifaa kimo ndani ya friji, friji imefungwa, chumba kimefungwa. Nikasema hakuna. Akaibandua kwa ncha ya kisu, na namba ikashuka ikawa saba na kitu.

Kisha akashika kile kipande kinachoshusha nguvu ya betri tatu ili isiiunguze chipu. Chipu, kwa maneno ya kawaida, ni kompyuta nzima yenye ukubwa wa ukucha. Akaniuliza chipu inataka nguvu kiasi gani. Nilipomwambia, akauliza kwa nini basi tunaweka betri tatu, halafu tunamwajiri mtu wa kumwaga ile ya ziada, naye anakula mchana na usiku kuliko bwana wake. Tuliiga bodi ya umeme ya watu wengine bila kuuliza. Akatoa kile kipande, akatoa na betri moja, akaziunga mbili moja kwa moja, na kifaa kikafanya kazi kama kawaida. Mita ikashuka chini ya tatu. Kalenda, aliyekuwa akipita na kikombe chake, alisimama akasahau kutaja tarehe.

Kihisi joto nacho kilikuwa kikinywa umeme muda wote, kikisubiri kuulizwa. Tukakiunga kwenye mguu mmoja wa chipu, moja ya zile pini za chuma zilizoizunguka, ili kipewe umeme pale tu kinapotakiwa kusema, kisha kinyang'anywe. Mpaka hapo kazi ilikuwa ya mikono yake. Ilipofika zamu ya programu, ilikuwa yangu, na ndipo nilipoona aibu hasa.

Programu yangu, Dada, ilikuwa kama yule mwanao mdogo safarini. Tumefika? Tumefika? Maelfu ya mara kwa sekunde moja ilikuwa ikijiuliza kama muda wa kupima umefika, na kila swali likila umeme. Mama Saa hajui kuandika programu hata mstari mmoja. Alivuta kiti, akaniambia nimsomee kwa maneno ya kawaida kile ninachokiamuru kifaa kifanye, mstari kwa mstari, na nilipokuwa nikisoma kwa sauti nilijisikia mwenyewe. Akaniuliza friji iliyofungwa huchukua muda gani kupata joto. Nikakumbuka ulivyowahi kunieleza kwamba friji ya chanjo ikibaki imefungwa hukaa baridi kwa saa nyingi. Nikamwambia dada yangu muuguzi anasema ni saa nyingi. Akasema basi nimsikilize dada yangu, nikiamshe kila baada ya dakika kumi, na kabla ya hapo nikiache kilale.

Nilikesha na jambo hilo kichwani, asubuhi nikaliandika. Ndani ya chipu kuna saa ndogo inayoweza kubaki macho peke yake wakati mengine yote yamezimwa. Saa hiyo inapiga, chipu inaamka, inakipa kihisi umeme, inapima, inalinganisha, inalala tena, yote kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya. Tulipokiwasha, mita ilishuka mpaka sifuri nukta moja tisa. Mrefu alipiga makofi. Mama Saa hakupiga. Alisema saa ya ukutani ya mama yake ingeona aibu kula kiasi hicho.

Tukakwama hapo siku tatu nzima. Kila kitu kimezimwa, kila kitu kimelala, na bado kuna mtu anakula gizani. Siku ya tatu alisogeza kidole chake karibu na chipu ili aondoe kombo la mkate, na namba ikaruka. Akaondoa kidole, ikashuka. Akasogeza tena, ikaruka tena, bila hata kugusa. Alikaa akifanya hivyo kama anayembembeleza kifaranga, kisha akaniita kwa sauti ya chini sana. Kumbe ile miguu ya chipu ambayo hatukuitumia tulikuwa tumeiacha ikielea, haijui iko juu wala chini, na kila upepo wa umeme unaopita unaitikisa na kuiamsha. Nikaifunga yote kwa programu, mguu mmoja mmoja. Rezista mbili, vile vijipande vya kuzuia umeme, zilizokuwa zikipima betri muda wote tukaziwekea swichi. Mita ikaonyesha namba ndogo mno mpaka ikabidi tugeuze kitufe chake kiende kwenye kipimo kidogo kuliko vyote. Mama Saa akavua miwani zote mbili, akazifuta, akavaa moja, akasema, "Sasa kimelala." Maneno mawili tu, lakini mimi machozi yalinilengalenga na sikujali nani ananiona.

Jambo la mwisho alilolidai halikuhusu kubana umeme kabisa. Lilikuwa la kuutumia. Kifaa cha zamani kiliongea pale tu joto lilipopanda, kwa hiyo ukimya wake tuliuhesabu kuwa habari njema. Yeye akasema mzima aliyenyamaza na maiti wananyamaza sawasawa. Sasa kila siku saa mbili asubuhi kifaa hutuma neno moja kwamba kipo na betri yake imefika wapi. Siku kisipotuma, simu yenyewe inalia. Hesabu inasema kitaishi zaidi ya miaka mitatu.

Nami nikaandika miaka mitatu. Niliandika kwenye karatasi mpya ya kifaa, nikampelekea atie sahihi pamoja nami, naye akaifuta. Akaniambia tumekipima wiki nne, basi niandike wiki nne, na pembeni niandike kwamba yaliyobaki ni hesabu. Kisha akafungua jalada ili atoe karatasi ya zamani na kuweka mpya, akaisoma ile ya zamani. Imeandikwa: betri, mwaka mmoja, imepimwa. Chini yake kuna sahihi yangu.

Akaniuliza mwaka huo niliupima lini.

Sasa Dada, hapa ndipo mkono unapokuwa mzito. Sikuupima. Nilisoma kwenye maelezo ya watengenezaji wa chipu kwamba ikilala hutumia umeme kiasi fulani, nikagawanya, nikapata mwaka na zaidi, nikaandika imepimwa kwa sababu Kalenda alitaka karatasi ile ifike kwa msimamizi wa chanjo kabla ya mwisho wa juma. Nilifanya hesabu ya usingizi wa kitu ambacho sikuwahi kukilaza. Hilo nilimwambia Mama Saa. Yeye alikwenda kwenye kabati, akatoa bahasha yenye kifaa kilichorudishwa kutoka kwenye kliniki yako, pamoja na betri zake tatu ambazo hakuna aliyejisumbua kuzigusa. Akazipima. Tarehe za kutengenezwa kwake zilikuwa za mwaka huu, na zote tatu zilikuwa zimekauka sawasawa. Akasema hizi hazikuwa mbovu, zimenyonywa. Nami nikaichomeka chipu kwenye kompyuta nikasoma kumbukumbu zake. Kipimo cha mwisho kilikuwa cha siku ya kumi na moja tangu uiwashe. Jumatatu. Umeme wako ulikatika Ijumaa. Kwa siku nne kabla ya hapo uliamini kuna mwenzako anaiangalia friji pamoja nawe, na hakukuwa na mtu.

Bado sijafika kwenye lililo baya zaidi.

Chanjo zilipoharibika, msimamizi alituita mimi na Kalenda, akauliza kosa liko wapi. Niliogopa. Niliona karakana nzima ikitazama mdomo wangu. Nikasema kifaa kimepimwa, kwa hiyo kilichobaki ni betri, na betri zinawekwa na kliniki. Sikulitaja jina lako. Sikuwa na haja. Aliyeweka betri pale anajulikana, na nilijua anajulikana. Msimamizi aliandika. Nilijiambia watakupa onyo la mdomo na mambo yataisha. Kisha barua yako ikaja, kwamba umeondolewa chumba cha chanjo, umepelekwa dirisha la kuandikisha wagonjwa, na kwamba labda kweli ulinunua betri zilizokaa sana dukani. Ukamalizia kwa kuniomba radhi kwa kunitia doa kazini. Wewe ndiye uliyeniomba radhi. Hiyo ndiyo barua iliyo juu ya kabati, na ndiyo sababu sikuweza kuijibu.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kwa msimamizi. Nilimwomba Mama Saa anisindikize, akakataa, akasema ana kazi. Nilimweleza msimamizi yote, nikaweka mbele yake daftari la namba, betri, na kumbukumbu za chipu. Alipomaliza kusoma alifungua jalada lake, akapiga mstari juu ya maneno aliyoyaandika siku ile, akanitaka niandike maelezo mapya kwa mkono wangu na kutia sahihi mbele yake. Nakala yake imo ndani ya bahasha hii, nyuma ya barua. Akasema atamwandikia mkubwa wako wa kazi. Kama watakurudisha chumba chako, na lini, hakuniahidi, nami sitaki kukuahidi kwa niaba yake. Nilipotoka nilimkuta Mama Saa amekaa kwenye benchi la getini, anatafuna mkate. Akasema alikuwa amekuja upande huo kununua skrubu. Tulirudi kwa miguu na tulipofika kwenye ngazi za karakana alinishika kiwiko akanitanguliza mbele.

Kalenda alikasirika kama ilivyostahili. Ameninyang'anya ruhusa ya kutia sahihi kwenye karatasi yoyote ya vipimo, na bila shaka ametaja tarehe ya kuifikiria upya. Sasa anayetia sahihi ni Mama Saa. Naona ndivyo ingekuwa tangu mwanzo. Mimi naandika programu, ninampelekea, ananiambia nisome kwa sauti.

Vifaa vipya vinaanza kupelekwa kliniki juma lijalo. Chenu tumekiweka kando, hakitakuja mpaka wewe mwenyewe useme. Ukikataa nitaelewa, na sitamtuma mtu akubembeleze. Wala sikuombi unijibu haraka. Nakuomba kitu kimoja tu, uache kujiuliza kuhusu duka ulikonunulia zile betri. Zilikuwa mpya, Dada. Hukukosea popote.

Nisalimie shemeji, umwambie redio yake nitaitengeneza nikija. Wabusu wanangu, na mkubwa umwambie mama mdogo anataka kuona maandishi yake mwenyewe, siyo ya kuandikiwa. Mama msomee barua hii yote, wala usiruke yale yanayonihusu vibaya. Miezi hii yote amenisifu mimi kwa majirani na kukuonea huruma wewe, na ni haki yake kujua.

Ndimi mdogo wako nikupendaye,

Kitindamimba